Rekodi zako za afya: Simu isiwe ghala la pekee

MWEZI uliopita alinijia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye nimemtibu maradhi ya shinikizo la damu kwa miaka sita. Ni mgonjwa ambaye kila daktari angetamani kuwa naye. Hununua dawa kabla hazijaisha, alipunguza chumvi bila kulazimishwa, na kwa miezi 14 amekuwa akijipima nyumbani asubuhi na jioni kwa mashine aliyonunuliwa na bintiye. Kila alipojipima, aliingiza vipimo katika programu ya simu yake ya mkononi.

Siku hiyo nilimpima nikapata 162 kwa 96.

"Mwalimu, leo presha iko juu," nikamwambia. "Hebu tuone ya nyumbani imekuwaje."

Alitoa simu mfukoni, akaitazama, kisha akairudisha polepole.

"Daktari, vyote vimepotea. Simu ilijaa, mjukuu wangu akaondoa programu kadhaa ili ipate nafasi, kisha akazirudisha. Nilipoifungua ile yangu, ikaniuliza jina kana kwamba haijawahi kuniona."

Pengine msomaji atasema hilo ni jambo dogo. La hasha! Kuna watu wengi ambao presha yao hupanda wanapoliona tu koti jeupe la daktari, na ikishuka wafikapo nyumbani. Ndiyo sababu sisi madaktari huthamini vipimo vya nyumbani, ambavyo kwa wastani vikifika 135 kwa 85 twaanza kuwa na wasiwasi, ilhali katika kliniki kiwango hicho ni 140 kwa 90. Mzee aliniambia kwamba ya nyumbani ilikuwa "nzuri tu", lakini hakukumbuka nambari. Kama alikuwa akisema kweli, kumwongezea dawa kungeweza kumshusha presha kupita kiasi, apate kizunguzungu na kuanguka bafuni. Kama alikuwa amekosea, kumwacha hivyo kulikuwa ni kumwachia kiharusi mlangoni. Miezi 14 ya jibu ilikuwa imefutwa kwa dakika moja na mtoto aliyekusudia mema.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari lenyewe limeingia ndani ya simu, na wengi wetu hatujajiuliza limewekwa wapi humo na linaweza kupotea vipi.

Data hukaa wapi?

Si mimi mtaalamu wa tarakilishi, lakini baada ya kisa hicho nililazimika kuuliza wanaojua. Nitaeleza kwa lugha nyepesi.

Katika simu, kila programu hupewa chumba chake, ambacho programu nyingine haziruhusiwi kuingia. Ndani ya chumba hicho mna pembe ya vitu vya muda, ambayo simu yenyewe yaweza kuifagia nafasi ikipungua. Pia mna rafu ya vitu vya kudumu. Vilivyo kwenye rafu hubaki hata ukizima simu, hata betri ikiisha, hata ukikaa mwezi mzima bila kuifungua programu. Mtengenezaji anayeweka vipimo vya mgonjwa katika pembe ya vitu vya muda ni kama karani anayeandika kadi ya hospitali kwa chaki ubaoni.

Lakini hata ile rafu "ya kudumu" ina mpaka. Ukiiondoa programu kwenye simu, chumba kizima hubomolewa pamoja na vilivyomo. Ukiagiza simu ifute data ya programu hiyo, rafu huachwa tupu. Simu ikiibwa, ikitumbukia majini au ikirudishwa na fundi katika hali ya kiwandani, hakuna kinachobaki. Vivyo hivyo, programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari cha intaneti zaweza kupoteza kila kitu mtu anapofuta data ya kivinjari hicho.

Kwa hiyo neno "kudumu" katika mambo ya simu lina maana finyu. Lamaanisha kwamba data itastahimili simu kuzimwa. Halimaanishi kwamba itastahimili mjukuu.

Kuweka kila kitu mbali si dawa

Kuna wanaosema suluhisho ni kutoweka chochote katika simu, na badala yake kila kitu kikae katika tarakilishi kuu iliyo mbali, ile ambayo mafundi huiita seva. Nilikuwa na mawazo hayo hayo hadi Mei 2024.

Mnamo Mei 12 mwaka huo nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikalemaa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Siku iliyofuata nilikuwa nikishika zamu katika kliniki moja ambayo sitaitaja. Programu yake ya rekodi haikuhifadhi chochote katika kifaa tulichokuwa nacho mezani. Aliletwa mtoto wa miaka minne mwenye kikohozi na homa, akipumua kwa kasi. Aliyemleta ni shangaziye, ambaye hakujua lolote kuhusu matibabu yake ya awali. Niligusa jina la mtoto kwenye skrini. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, wala hapakutokea kitu.

Nilikuwa tayari nimeshika kalamu kumwandikia amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini. Moyo ukanisukuma nimwombe shangazi ampigie mamake mtoto simu.

"Usimpe, Daktari!" mama akasema. "Mwaka jana alipewa hiyo akavimba uso wote, tukamkimbiza hospitalini usiku."

Habari hiyo ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa imehifadhiwa vizuri kabisa, mahali ambapo hatungeweza kuifikia. Kwa mtoto yule, rekodi iliyo mbali na rekodi iliyofutwa zilikuwa kitu kimoja.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 2000 Mmarekani D. Richard Hipp alikuwa akifanya kazi ya programu iliyokusudiwa manowari ya Marekani. Programu hiyo ilitegemea seva ya data, na seva ikikwama, nayo ilishindwa kufanya kazi. Ndipo alipobuni hifadhidata ndogo, SQLite, inayokaa ndani ya mashine ile ile inayotumiwa. Leo imo katika kila simu ya Android na kila iPhone. Ubora wake mwingine ni kwamba jambo huandikwa lote au haliandikwi kabisa. Betri ikizimika katikati, hutaachiwa nusu ya kipimo.

Hapa kwetu pia tuna mfano mwema. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa simu na serikali mwaka 2023 hutumia mfumo uitwao eCHIS. Mhamasishaji akiingia nyumba isiyo na mtandao, huandika habari za mama mjamzito au mtoto mwenye utapiamlo, nazo hukaa katika simu yake. Akifika penye mtandao, simu huzipeleka kunakohusika. Yaani simu ni ghala la kwanza, lakini si ghala la pekee. Maoni yangu ni kwamba kila programu inayogusa afya ya Mkenya ingefaa kujengwa kwa mpango huo.

Na siri je?

Wapo watakaoniuliza: Daktari, simu huibwa kila siku, na nyumbani kwetu simu moja hutumiwa na watu watatu. Wataka siri za wagonjwa zikae humo?

Swali hilo ni zito na silikwepi. Nina mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, ambaye programu yake ilikuwa ikimkumbusha saa za kumeza dawa kwa kuandika jina la dawa juu ya skrini hata simu ikiwa imefungwa. Dada wa mume wake alilisoma jina hilo mezani wakati wa chakula cha jioni. Mama huyo hakuwa amemwambia mtu. Mtengenezaji alifikiria kumbukumbu, hakufikiria meza.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Hivyo basi kuilinda si hisani ya mtengenezaji, ni wajibu. Simu mpya zilizotoka na Android toleo la 10, la mwaka 2019, au matoleo ya baadaye, hulazimika kufumba data zilizomo ili isisomeke kwa urahisi na mwizi. Lakini ulinzi huo hauna maana ikiwa simu haina nambari ya siri, au ikiwa nambari hiyo yajulikana na mtaa mzima. Nazo seva huvunjwa pia, na hapo hazipotei siri za mtu mmoja bali za maelfu. Hakuna ghala lisilo na mwizi. Lililopo ni kuweka kufuli, na kutoweka ndani zaidi ya kinachohitajika.

Ninachowaomba

Kwa wanaotengeneza programu za afya, ombi langu ni hili. Wekeni vipimo vya mgonjwa kwenye rafu ya kudumu, kamwe si katika pembe ya vitu vya muda. Mpeni njia ya kuvitoa vyote, ili aweze kuvichapisha au kumpelekea daktari wake. Mwelezeni siku ya kwanza, kwa Kiswahili chepesi, kwamba akiiondoa programu vitapotea, na kama vina nakala kwingine au la. Mpeni kufuli la programu yenyewe, na vikumbusho visivyotaja jina la dawa wala ugonjwa.

Nawe msomaji, usingoje mtengenezaji. Tangu Android toleo la 6, la mwaka 2015, simu yaweza kuweka nakala ya data ya programu, hadi megabaiti 25 kwa kila moja, katika akaunti yako ya Google. Lakini mwenye programu aweza kuizuia, nawe pia waweza kuwa umeizima bila kujua. Mwombe mtu anayeelewa akuangalilie. Weka nambari ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Kabla hujauza simu au kumpa fundi, toa vipimo vyako. Na mara moja kwa mwezi, nakili vya siku chache katika daftari. Kina mama, kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto msikitupe kwa sababu mmenunua simu ya kisasa. Hakihitaji chaji wala mtandao. Ukiwa na mzio wa dawa yoyote, uandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na kitambulisho chako.

Yule mwalimu mstaafu sikumwongezea dawa siku ile. Nilimwomba ajipime tena kwa siku saba, asubuhi na jioni, huku nikimweleza dalili ambazo akiziona asingoje hata saa moja. Alirudi na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula, tarehe upande wa kushoto, vipimo upande wa kulia, kama rejista ya darasa. Wastani ulikuwa 131 kwa 80. Dawa alizo nazo zinamtosha.

"Na kwenye simu je, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Kwenye simu pia nimeandika, Daktari," akajibu. "Lakini hili daftari mjukuu hana ruhusa ya kulisafisha."