Muddy Waters na Suala la Jina la Fanani

Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi hukariri kwamba kazi simulizi ni mali ya jamii nzima, wala haina mtunzi mmoja. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini pia imewapa wakusanyaji kisingizio cha kumsahau fanani. Maisha ya McKinley Morganfield, Mmarekani Mweusi aliyevuma kwa jina la Muddy Waters, yanaidhihirisha hatari hiyo.

Mnamo Agosti 1941, Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work, mhadhiri wa muziki katika Chuo Kikuu cha Fisk, walifika katika shamba la pamba la Stovall, karibu na Clarksdale, Mississippi. Walimkuta Morganfield, dereva wa trekta, wakamrekodi akiimba bluzi na kupiga gitaa. Baadaye Lomax alimpelekea nakala za santuri pamoja na dola 20. Fedha hizo si kitu. Santuri ndizo zilizokuwa na uzito. Fanani aliisikia sauti yake mwenyewe, akatambua kwamba hakupungukiwa na lolote mbele ya waimbaji aliowahusudu. Mwaka 1943 alihamia Chicago. Huko kelele za vilabu zilimlazimu kushika gitaa la umeme, na bluzi ya mashambani ikavaa sura ya mji. Wimbo wake wa 1950, "Rollin' Stone", ndio ulioipa bendi ya Waingereza, Rolling Stones, jina lake.

Huenda mtu akadai kwamba Morganfield angeondoka Stovall hata bila santuri hizo, kwani maelfu ya Weusi walikuwa wakihamia kaskazini. Naam, angeondoka. Lakini kuondoka kama kibarua ni jambo moja, na kuondoka kama msanii anayejijua ni jambo jingine kabisa. Mtafiti anayechukua sauti pasipo kuirejesha humnyima fanani kioo hicho.

Ajabu ni kwamba katika mkasa huu aliyefifishwa zaidi si mwimbaji, bali mtafiti Mweusi. Kitabu cha Lomax cha mwaka 1993 kilimtaja Work kwa uchache mno, ilhali walikuwa pamoja uwanjani. Muswada wa Work ulipotea makavazini kwa miongo kadhaa. Ulipochapishwa mwaka 2005, Morganfield alikuwa ameaga dunia miaka 22 kabla, na Work mwenyewe tangu 1967.