Samadi mbichi na tuta la mchicha
Nyumba yenye banda la kuku haikosi samadi, na tuta la mchicha liko hatua chache tu. Wengi huizoa ikiwa mbichi na kuimwaga papo hapo. Humo hubaki bakteria kama salmonela na E. koli, wanaoharisha watoto vibaya. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi ichanganywe na udongo siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha huvunwa ndani ya mwezi mmoja!

Kinachoua vimelea hao ni joto. Changanya ndoo moja ya samadi na ndoo mbili au tatu za majani makavu au maranda, lundika kufikia kimo na upana wa mita moja, kisha nyunyiza maji mpaka liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Chomeka kipande cha nondo katikati. Baada ya siku chache, ukikichomoa kisishikike kwa moto.

Lundo linatakiwa kubaki kwenye nyuzijoto 55 au zaidi kwa siku 15, likipinduliwa mara tano ili ya nje yaingie ndani. Hapo ndipo watu huchoka, na kweli ni kazi ya jasho. Acha lipoe kwa miezi miwili hivi, mpaka mboji iwe nyeusi na inukie udongo.

Kinyesi cha paka kisiingie kabisa: huweza kubeba vimelea vya toksoplasma, hatari kwa mjamzito na mtoto aliye tumboni.