Moyo haungojei malipo ya kwanza

Maumivu makali ya kifua yanapomshika mtu Goma, Bukavu ao Lubumbashi, jamaa nyingi hufikiria kwanza tumbo ao sumu. Mgonjwa anapewa dawa ya tumbo na kuambiwa apumzike. Akifikishwa hospitali, mara nyingi jamaa inaanza kutafuta pesa ya kutanguliza. Wakati huo wote, msuli wa moyo wake unaendelea kufa.

Shambulio la moyo hutokea damu inapoganda na kuziba mshipa unaolisha moyo. Msuli huanza kufa katika dakika 20 hadi 40 hivi. Baada ya saa 6, sehemu kubwa ya eneo lililokosa damu huwa imepotea. Msuli uliokufa haurudi. Mahali pake panabaki kovu lisiloweza kusukuma damu.

Lakini kuna sehemu iliyozimia tu. Mshipa ukifunguliwa mapema, sehemu hiyo inaweza kuamka baada ya siku ao wiki kadhaa. Ndiyo maana madaktari hupima tena nguvu ya moyo wiki 6 hadi 12 baada ya matibabu. Ukubwa wa eneo lililoumia, kisukari na sigara vina uzito wake; kunywa dawa bila kukatiza na mazoezi yanayosimamiwa husaidia. Hata hivyo, hakuna dawa ya baadaye inayorudisha saa zilizopotea.

Mashine za kufungua mshipa kwa puto hazipo katika miji mingi ya DRC. Lakini aspirini, kipimo cha umeme wa moyo na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda vinaweza kuwekwa katika hospitali kubwa za majimbo. Dawa hiyo ya kuyeyusha hutolewa ndani ya saa 12, na hufaa zaidi katika saa za kwanza.

Mwaka 2023, serikali ilianzisha kujifungua bure, ikianzia Kinshasa. Basi kumpokea mgonjwa bila kumdai kwanza kunawezekana. Mwenye shambulio la moyo anastahili hivyohivyo: apimwe, atibiwe, hesabu ifuate.

Wakaaji nao wana wajibu. Maumivu yanayobana kifua, yenye jasho ao yanayoenda mkononi na kwenye taya, si ya kungojea asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.