Tulijue Shina Letu Kabla Wazee Hawajatutoka

Mwaka huu nimeamua kuishika kalamu kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulichekea: kuujua ukoo na kuzuru kule walikotoka mababu zetu. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini hebu tuulizane ukweli hapa. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kulitaja jina la baba ya babu? Na la mama ya nyanya je? Wengi tutaanza kukuna vichwa.

Jambo hili ni la ajabu. Katika somo la historia tunafundishwa kwamba tarehe 3 Desemba 1849 mmishonari Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa huku kwetu Kitui, alipokuwa mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Siku hiyo tunaijua barabara, na katika mtihani tunaiandika bila kusita. Lakini babu zetu waliokuwa hai siku hiyo hiyo, wakichunga mbuzi wao au wakipalilia mtama, hatuwajui hata kwa majina. Je, haya ni maarifa kamili?

Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Wakamba walitoka pande za Mlima Kilimanjaro, wakasafiri na hatimaye wakafanya makao katika milima ya Mbooni, ambayo leo iko katika Kaunti ya Makueni. Wanahistoria wengi huyaweka makao hayo katika karne ya 17. Mbooni kulikuwa na maji na udongo mzuri. Watu walipoongezeka na mashamba yakawa haba, wengine wakavuka Mto Athi katika karne ya 18, wakaingia Kitui. Ndiyo sababu koo kama Anzauni, Aombe, Atangwa na Amutei utazikuta pande zote mbili za mto. Njaa za karne ya 19 nazo ziliwasukuma wengine mpaka Rabai na Kwale, karibu na Mombasa, na vizazi vyao viko huko hadi leo. Ipo pia ile hadithi ya kale kwamba Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya mwamba wa Nzaui, huko huko Makueni.

Basi hapa shuleni mwenzetu wa Makueni anapomcheka wa Kitui eti kwa matamshi yake ya Kikamba, anamcheka nani? Anamcheka ndugu yake aliyevuka mto tu! Na wa Kitui anapojibu kwa kejeli, anamkejeli yule aliyebaki kulinda boma.

Mimi ni mtu wa Kitui, lakini nyumbani tumekuwa tukisikia kwamba babu mkuu wetu alitoka Mbooni. Likizo ya Agosti baba alikubali twende tukaone. Tulipita Kwa Vonza, tukavuka Athi, tukapita Wamunyu na Masii, kisha tukaanza kupanda milima. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa ametupa vitu viwili tu: jina la ukoo na jina la kilima. Kwa vitu hivyo viwili tuliuliza sokoni, tukaelekezwa kwa mzee mmoja, naye akatupeleka kwa mwingine, mpaka tukafika katika boma lenyewe.

Msidhani tulipokelewa kwa vigelegele. La hasha! Kabla hata ya chai, mzee wa boma alituangalia sana, kisha akamuuliza baba, "Mmekuja kudai shamba?" Swali hilo lilinichoma, lakini nikifikiria naona mzee alikuwa na haki yake. Siku hizi mtu akitokea ghafla na kusema yeye ni wa ukoo, watu hufikiri habari ya hati za ardhi. Baba akajibu kwa heshima, "La, mzee. Tumekuja kutafuta majina." Hapo mzee akalegea. Akatoa viti nje, akaita wazee wenzake, na ile jioni ikawa kama thome ya zamani, pale langoni pa boma ambapo wanaume waliota moto na vijana wakafunzwa. Walihesabu vizazi 6 kwa vidole, mmoja akikosea mwenzake anamrekebisha. Mimi niliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Lakini nikagundua jambo. Majina yote yalikuwa ya wanaume. Nikauliza kwa upole, "Na mama zao waliitwa nani?" Wazee wakatazamana. Ikabidi aitwe mama mmoja mkongwe kutoka jikoni. Yeye ndiye aliyewataja wake wanne wa vizazi vya nyuma, na nyumba walizotoka. Hakuna mwingine aliyejua. Jamani, huyo mama angekuwa amekufa mwezi uliotangulia, akina mama hao wanne wangepotea kabisa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Marehemu Profesa John Mbiti, mwana wa Mulango, Kitui, aliyezaliwa mwaka wa 1931, aliandika katika kitabu chake cha 1969 kwamba kwa imani ya Waafrika wengi mtu aliyefariki hajafa kabisa maadamu bado wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina. Akiondoka wa mwisho anayemkumbuka, ndipo anapokufa mara ya pili. Ikiwa ni hivyo, basi sisi tunaoshinda na simu mkononi bila kuwauliza wazee hata swali moja tunawaacha watu wetu wafe mara hiyo ya pili.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya ukoo ni ukabila na kurudi nyuma. Sikubaliani nao. Mkabila ni yule anayedhani watu wake waliota hapo kama uyoga na wengine wote ni wageni. Ukilifuata shina lako kwa makini, utaona kwamba na wewe ulikuwa mgeni mahali fulani, ukapokewa. Mkamba aliyekwenda Rabai kwa sababu ya njaa alipokewa na watu wa pwani. Nani basi amwite mwenzake mtu wa kuja?

Wengine watasema masimulizi ya wazee si ya kutegemewa. Hilo lina ukweli wake. Mmarekani Alex Haley alipochapisha kitabu cha Roots mwaka wa 1976, akieleza alivyofuata ukoo wake mpaka kijiji cha Juffure nchini Gambia, Wamarekani wengi weusi walianza kutafuta asili yao. Baadaye wanahistoria walitilia shaka baadhi ya ushahidi wake. Kwangu, hiyo si sababu ya kuacha kuuliza. Ni sababu ya kuwauliza wazee wengi badala ya mmoja, kisha kulinganisha. Majina yetu yenyewe husaidia. Kyalo ni safari, Wambua ni wa mvua, Mutuku ni wa usiku, Makau ni wa vita. Njaa nazo zilipewa majina, kama ile ya Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19. Mzee akisema babu yake alizaliwa wakati wa Ngomanisye, amekupa tarehe bila kalenda.

Kuna jambo la mwisho, na ni zito. Miongoni mwetu wapo waliolelewa na mama pekee. Wapo pia waliotoka katika nyumba za iweto, ile desturi ya Kikamba ambapo mwanamke humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isikose watoto. Wenzetu hao huulizwa kwa dharau, "Wewee, baba yako ni nani? Mbai yenu ni gani?" Nimeyasikia hayo bwenini, tena mara nyingi. Swali la ukoo lisiwe fimbo ya kumpigia mtu. Kwa desturi hiyo hiyo ya wazee, mtoto wa iweto ni mtoto kamili wa nyumba ile, na jina la ukoo ni lake. Na aliyelelewa na mama ana shina pia: la mama yake, na la mama ya mama yake. Kama nilivyoona Mbooni, upande huo ndio tuliousahau zaidi, kwa hivyo ndio unaotuhitaji zaidi.

Ninapendekeza hivi. Chama chetu kifungue daftari kubwa la nasaba, litunzwe maktabani. Kila mwanachama akienda likizo arudi na vizazi 5, upande wa baba na upande wa mama, vikiandikwa kwa Kiswahili. Atakayekuwa na upande mmoja tu aandike huo mmoja, na asiulizwe maswali. Walimu wetu nao walihesabu zoezi hilo kuwa sehemu ya fasihi simulizi. Mwenye nauli azuru kule walikotoka mababu zake, aende na sukari na majani ya chai, na aseme mapema kwamba hakuja kudai shamba! Asiye na nauli aanze na susu wake jikoni. Wengine watashangaa kwamba nyanya aliyekuwa akiwaambia tu "kula ushibe" ana historia nzima kichwani, na hajawahi kuulizwa.

Likizo zinakuja, wenzangu. Wazee hawatungoji. Tuwaulize sasa.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama, Kidato cha 3.