Chombo Mwezini, Mtu Shimoni

Kila ninapoalikwa kwenye mkutano wa wazazi au wa walimu, hakosi mtu wa kusimama na kuisifu India. Husema: watazameni Wahindi, walikuwa maskini kama sisi, wakawapa vijana wao kompyuta, na leo wanaheshimiwa dunia nzima. Basi nasi tuleteni kompyuta mashuleni, na usawa utakuja wenyewe. Watu hupiga makofi. Mimi hunyamaza, maana mwalimu mstaafu akibisha huambiwa kuwa kapitwa na wakati. Leo sinyamazi. Nimeishi India, nimesoma India, na nchi ile naipenda. Ndiyo sababu sipendi kusikia ikisifiwa kwa jambo ambalo wenyewe wangali wanalipigania.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Basi na tuingie ndani.

Nilifika Delhi mwaka 1989 kusomea elimu kwa miaka miwili. Bwenini kwetu alikuwapo mama mmoja aliyekuja kila alfajiri na ufagio na ndoo kusafisha vyoo. Mpishi alimpa chai katika kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini nje ya jiko, mbali na vikombe vyetu. Akisha kunywa alikiosha mwenyewe, akakirudisha msumarini. Mimi, mgeni mweusi niliyekuwa nikizomewa huko barabarani, nilinywea vikombe vya ndani. Nakiri kwamba sikuuliza kitu. Moyoni nilifurahi kuwa angalau mahali pamoja nilihesabiwa mtu wa ndani. Ninaposema juu ya ubaguzi wa Wahindi, msomaji ajue kwamba na mimi nilikaa mezani.

Agosti 1990 Waziri Mkuu V. P. Singh alitangaza kuwa serikali yake itatekeleza ripoti ya Tume ya Mandal, iliyokuwa imelala kabatini tangu 1980. Asilimia 27 ya ajira za serikali kuu zingetengewa matabaka yaliyoachwa nyuma, juu ya zile zilizokwisha kutengewa makabila ya asili na Wadalit, yaani wale walioitwa wasioguswa. Mji ulichafuka. Wanafunzi waliandamana, na wapo waliojitia moto. Na wapo vijana wa vyuo, watoto wa watu wenye nafasi zao, walioshika mafagio wakafagia barabara, na wengine wakakaa chini kupiga viatu rangi. Maana yao ilikuwa: nafasi zetu zikichukuliwa, sisi tutabakiwa na kazi hizi.

Walidhani wanaionyesha dunia dhuluma. Hawakusikia walichokuwa wakikisema. Walikuwa wakisema kwamba kufagia kuna wenyewe waliozaliwa nako, na kwamba kazi ile haikuwa msiba mpaka ilipotaka kuwafika wao. Yule mama wa bwenini alipita na ndoo yake, akasimama kidogo kuwatazama, kisha akaenda zake kazini.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kuwa elimu huleta usawa, humuuliza: elimu ya nani, na ilianzia wapi? Vijana wale hawakukosa elimu. Walikuwa wamesoma kuliko karibu watu wote wa nchi yao.

Hebu tutazame historia. Mwenyekiti wa kamati iliyoandika Katiba ya India alikuwa Dk. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya wasioguswa. Shuleni alikalia gunia alilokwenda nalo kutoka nyumbani, ili asiichafue sakafu ya wenzake. Akiwa na kiu hakuruhusiwa kugusa bomba, mpaka tarishi wa shule amfungulie. Tarishi asipokuwapo, alishinda na kiu. Mtoto huyo alikuja kupata shahada za udaktari New York na London. Katiba ilipoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, Ibara ya 17 ilipiga marufuku kumfanya mtu asiyeguswa. Ibara ya 45 ilielekeza kwamba katika muda wa miaka 10 kila mtoto mpaka umri wa miaka 14 apate elimu ya bure na ya lazima. Hesabu ni rahisi: mwaka 1960.

Mwaka 1960 ulifika ukapita. Elimu ilikuja kuandikwa katika Katiba kuwa haki ya mtoto mwaka 2002, na sheria ya kuitekeleza ikaanza tarehe 1 Aprili 2010. Ahadi ya miaka 10 ilichukua 60.

Kitu gani hakikucheleweshwa? Mwaka 1951, wakati Wahindi waliojua kusoma na kuandika walikuwa kama 18 katika kila 100, chuo cha kwanza cha teknolojia cha taifa kilifunguliwa Kharagpur, katika majengo yaliyokuwa gereza la Waingereza la kuwafungia wapigania uhuru. Kufikia 1961 vyuo hivyo vilikuwa vitano: Kharagpur, Bombay, Madras, Kanpur na Delhi. Ni vyuo vizuri kweli kweli. Sundar Pichai, anayeiongoza Google tangu 2015, alisoma Kharagpur. Simlaumu Nehru kwa kutaka wahandisi. Nchi huru isiyo na wahandisi hubaki kuomba. Nalaumu kwamba paa liliezekwa kwa fedha na haraka, na msingi ukaambiwa usubiri. Katika nchi ambayo watu 82 kati ya 100 hawasomi, ni watoto gani watakaoufaulu mtihani wa kuingia chuo kile? Ni wale ambao babu zao walisoma, na Kiingereza wamekikuta nyumbani. Ilipokuja kompyuta, ikawakuta hao hao wamesimama mlangoni.

Sisi Tanzania tulitangulia mahali pengine. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 tuliahidi shule ya msingi kwa kila mtoto ifikapo 1977, tukajitahidi kweli, huku sekondari tukiziacha chache mno. Tulikosea kwa upande wetu. Lakini mwenye kosa la msingi mzima bila paa asiende kuomba kosa la paa bila msingi.

Mpenda mashine atanijibu: hayo ni ya zamani, sasa teknolojia imekuwa rahisi, itawafikia wote. Bwana, wimbo huo India umeimbwa kwa miaka 50. Mwaka 1975 satelaiti ya Marekani ilirusha vipindi vya televisheni vya elimu katika vijiji vipatavyo 2,400 kwa mwaka mmoja, kisha ikaondoka. Mwaka 1999, mtaani Kalkaji, Delhi, msomi Sugata Mitra alipachika kompyuta ukutani ili watoto wa mabanda wajifunze wenyewe bila mwalimu. Habari ile ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2004 India ilirusha satelaiti yake yenyewe kwa ajili ya elimu. Mwaka 2011 ilizinduliwa kompyuta ndogo ya mkononi iitwayo Aakash, iliyotangazwa kuwa itauzwa kwa wanafunzi kwa dola kama 35, na baada ya miaka michache haikusikika tena.

Sisemi kwamba hayo yote yalikuwa ya bure. Watoto wa Kalkaji walijifunza kuifungua ile mashine, na mimi niliyefundisha watoto miaka 30 sishangai: mtoto ana akili. Ninachouliza ni kwa nini mtoto wa mabanda ndiye tunayemwambia kwamba ukuta unamtosha. Mbona wana wa mawaziri hawafundishwi na tundu la ukutani? Wao hupewa mwalimu, na kompyuta juu yake.

Kisha ukaja mwaka 2020. Shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na masomo yakahamia kwenye simu. Uchunguzi wa afya ya familia uliofanywa na serikali ya India kati ya 2019 na 2021 ulionyesha kuwa wanaume waliowahi kutumia intaneti walikuwa asilimia 57, na wanawake asilimia 33. Nyumba ikiwa na simu moja, haihitaji mtaalamu kujua nani huishika, na kati ya kaka na dada nani huambiwa angojee.

Palikuwa na mahali ambapo mambo yalikwenda vizuri zaidi. Jimbo la Kerala lilianza kurusha masomo kwa televisheni tarehe 1 Juni 2020, na watoto wasio na televisheni wakatafutiwa nafasi katika maktaba za vijijini na vituo vya mitaa. Lakini maktaba hizo hazikujengwa na teknolojia. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika nchi hiyo hiyo, Ayyankali, mtu wa tabaka lililoitwa la wasioguswa, aliwaongoza vibarua wa mashambani kuweka jembe chini mpaka watoto wao waruhusiwe kuingia shule. Walilala njaa, mpunga wa matajiri ukakosa wa kuupalilia. Mashine ilipofika miaka mia baadaye ilikuta kiti kimeshapiganiwa.

Wapo watakaosema kwamba nafasi za kutengwa huua ubora, na kwamba mtihani ni hakimu asiye na upendeleo. Hakimu huyo namjua. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote. Uko mji wa Kota, jimboni Rajasthan, ambako wazazi hupeleka watoto kwa mwaka mmoja au miwili wafundishwe kuushinda mtihani wa vyuo vile tu, kwa ada ambayo mfagizi hawezi hata kuiota. Nafasi iliyonunuliwa hivyo huitwa kipaji. Nafasi aliyotengewa mtoto wa mfagizi huitwa upendeleo. Na mwaka 2019, serikali ilipotenga asilimia 10 kwa maskini wa matabaka ambayo hayakuwa na nafasi za kutengwa, sikusikia kwamba kuna mwanafunzi aliyeshika ufagio barabarani kulilia ubora.

Nilirudi Delhi mwaka 2018 kwa siku chache. Muuza chai wa kando ya barabara alikuwa na karatasi yenye alama ya kulipia kwa simu, nami nilistaajabu. Hatua chache kutoka pale, chemba ya maji machafu ilikuwa imefunguliwa, na kijana aliyevaa kaptura akateremshwa ndani kwa kamba, bila glavu wala kitu cha kuzuia hewa ya sumu. Watu waliendelea kulipia chai kwa simu zao. India ilikwisha kupitisha sheria mbili dhidi ya kazi ya kuzoa kinyesi kwa mikono, ya 1993 na ya 2013, na bado mamia wamefia katika mashimo hayo, wengi wao Wadalit.

Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India, Chandrayaan-3, kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hapakuwa na taifa lililowahi kutua. Nilishangilia. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo, Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamuru kwamba fidia ya anayefia katika chemba ipandishwe kutoka rupia milioni 1 hadi milioni 3. Mashine ya kusafisha chemba ipo. Vijana wa Kerala walitengeneza roboti ya kazi hiyo, ikaanza kutumika 2018. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba tatizo ni uhaba wa teknolojia. Mashine hutangulia kwenda pale ambapo uhai wa mtu umeshahesabiwa kuwa na thamani, na hesabu hiyo hufanywa na watu: kwa sheria inayotekelezwa, kwa shule ya mtaa ambayo mtoto wa hakimu na mtoto wa mfagizi wanakaa dawati moja, na kwa mwalimu asiyetoroka kazini.

Basi ndugu zangu wa mikutanoni, kompyuta na zije. Lakini kabla ya kukata utepe, nendeni nyuma ya darasa mkamtazame yule anayekaa chini, muulize kwa nini anakaa chini.

Wiki ya mwisho ya masomo yangu, mwaka 1991, yule mama alinikuta nikifunga mizigo. Ilikuwa mara ya kwanza nimuulize jina. Alinitajia, kisha akaomba madaftari yangu yaliyobaki kurasa tupu, kwa kuwa alikuwa na binti darasa la tatu. Nilimpa matano. Nikamkaribisha chai, nikamtilia katika kikombe changu. Alikitazama, akatazama mlangoni, akaenda kuchukua kile cha msumarini.