Lango Lisiloiuliza Fasihi: Masharti ya Kujiunga na Programu za Sanaa na Mawasiliano

Mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong walipopendekeza kuvunjwa kwa Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, mvutano ulihusu nini kifundishwe. Swali la nani afundishwe halikuwa na uzito huo, kwani aliyefika pale kwa kawaida alikuwa amepitia kidato cha tano na cha sita, akisoma masomo machache kwa kina. Leo mambo yamepinduka. Mitaala ya idara imesheheni fasihi simulizi, riwaya ya Kiafrika na nadharia za kila aina, ilhali lango analopitia mwanafunzi halimuulizi lolote kuhusu fasihi. Idara zimelinyamazia jambo hili, na kimya hicho hakina utetezi.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ni wastani wa C+ katika KCSE. Wanaokifikia na kuomba nafasi hupangwa na KUCCPS, asasi iliyochukua mahali pa Bodi ya Pamoja ya Udahili chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Upangaji hutegemea fungu la masomo manne lenye pointi 48, likioanishwa na pointi 84 za masomo saba. Katika fungu linalohusu sayansi za jamii na mawasiliano, nafasi ya lugha hujazwa na Kiingereza au Kiswahili. Neno hilo dogo, "au", ndilo kiini cha tatizo. Mageuzi ya 2023 yalilipa nguvu zaidi: wastani wa KCSE huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefaulu zaidi. Katika hesabu hiyo Hisabati haina "au", lugha inayo. Hivyo basi, anayetaka kuwa mwanahabari anaweza kukubaliwa chuoni huku akiwa ameanguka vibaya katika mojawapo ya lugha mbili ambazo Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinazitambua kuwa rasmi, na huenda lugha hiyo ikawa ndiyo ya taifa.

Kasoro ya pili imejificha zaidi. Fasihi haina gredi yake katika KCSE. Katika somo la Kiswahili, karatasi ya Insha ina alama 40, ya Lugha 80 na ya Fasihi 80. Jumla hiyo ya 200 hugeuzwa kuwa gredi moja. Tuseme watahiniwa wawili wamelingana katika Insha, mmoja akapata 65 katika Lugha na 25 katika Fasihi, na mwenzake akapata kinyume chake. Wote wawili watafika mbele ya idara wakiwa na gredi ile ile. Idara ya uhakiki haina njia ya kumtambua msomaji kati yao.

Majirani hawakuchukua njia hii. Nchini Uganda na Tanzania, ambako kidato cha tano na cha sita vilibakia, mwombaji wa moja kwa moja huulizwa amefaulu masomo makuu mawili yapi. Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikiyapa masomo uzito tofauti kulingana na programu: ya msingi huzidishwa kwa 3, yanayohusiana nayo kwa 2. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa tahasusi ya HKL hufika chuoni akiwa ametumia miaka miwili kusoma Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mifumo hii ina dhila zake, hasa kumfunga kijana mapema katika mkondo mmoja. Hata hivyo, angalau inakiri kwamba sanaa ni taaluma yenye maandalizi yake. Wa Kenya huichukulia kama mahali pa kupumzikia waliokosa Sheria.

Wapo watakaodai kwamba kuongeza masharti ni kuwafungia nje watoto wa shule za kutwa zisizo na maktaba. Hofu hii ni ya haki, lakini imeelekezwa kusikostahili. Lango lililopo tayari linawafungia. Msichana mwenye A ya Kiswahili aliyeangushwa na Hisabati na Kemia hadi wastani wa C haulizwi kama anaweza kuchambua shairi. Linalodaiwa hapa si lango la juu zaidi, bali lango linalouliza swali linalofaa: gredi ya lugha ambayo mwanafunzi atasomea na kufanyia kazi, pamoja na insha fupi ya uhakiki iliyoandikwa chini ya usimamizi na kusahihishwa na idara yenyewe. Kwa mawasiliano, iwe Kiingereza na Kiswahili, si kimoja badala ya kingine.

Pingamizi la pili husemwa kwa sauti ya chini: idara zitakosa wanafunzi, na bila wanafunzi hakuna karo. Pengine hiyo ndiyo sababu halisi ya kimya. Lakini idara inayompokea yeyote ili iendelee kuwepo imekwisha kukubali kwamba haina jambo mahususi la kufundisha.

Muda wa kusema ni sasa. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 chini ya Mtaala wa Umilisi lilianza sekondari ya juu mwaka wa 2026, na linatarajiwa kubisha hodi vyuoni 2029. Katika mkondo wa sayansi za jamii, Fasihi ya Kiswahili na Fasihi ya Kiingereza ni masomo ya kuchagua yanayojitegemea. Kwa mara ya kwanza tangu KCSE ianze 1989, fasihi itakuwa na alama yake. Vyuo vikuu visipotangaza mapema kwamba alama hiyo itahesabiwa, mwalimu mkuu hatakuwa na sababu ya kuajiri mwalimu wa somo hilo, na mzazi atamshauri mwanawe alikwepe. Somo litakufa shuleni kwa sababu halikuulizwa chuoni. Kisha wahadhiri wataandika makala wakilalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawasomi.