Kofia ya babu isitupwe

Wapo wanaosema kwamba kushona kofia kwa kufuata ile ya babu ni kukosa akili ya kubuni. Mimi naona sivyo.

Kofia ya viua haina kitabu cha kujifunzia. Maua yake huchorwa kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, vitundu hutobolewa, na kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Ikifuliwa, penseli hutoka. Mchoro unabaki katika kofia yenyewe tu. Siku ikichakaa na kutupwa, ua lake limepotea nayo.

Kofia za mashine kutoka ng'ambo ni rahisi, na asiye na uwezo halaumiwi kuivaa siku ya Idi. Lakini mashine huiga sura ya ua. Haimwonyeshi kijana pa kuanzia sindano. Makumbusho ya Fort Jesus yaweza kutuhifadhia vitu vya kale, ila kofia iliyofungiwa kiooni haishikiki.

Basi wazee wetu wa Kibokoni na Kuze, fungueni masanduku. Mpeni mshonaji kofia ya marehemu aihesabu tundu kwa tundu, ashone ya pili, na jina la ua aliandike. Nawe mnunuzi usilalie bei, kwani mwenzio ametoa macho yake. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kofia ni kofia nyingine.